Chombo na Shehena: Maandishi ya Pwani ya Kilwa na Lindi na Safari Yake kwa Wasomaji

Watu wa pwani wana neno moja kwa vitu viwili. Chombo ni jahazi lichukualo shehena kutoka bandari hata bandari, na chombo ni ala yoyote imsaidiayo mtu kutenda kazi yake. Katika habari ya maandishi maana hizi mbili hukutana. Karatasi, matbaa, gazeti, shule, na katika miaka hii intaneti pamoja na mitambo yake, ni ala za mwandishi. Lakini ni majahazi pia, kwa kuwa huchukua maneno ya mtu mmoja na kuyapeleka kwa wasomaji asiowajua. Nahodha hodari hatazami upana wa tanga peke yake. Hutazama jinsi shehena ilivyofungwa, hali iliyofika nayo, na kitu ambacho jahazi limerudi nacho.

Uhakiki wa maandishi ya Kiswahili umekwisha sema mengi juu ya shehena, yaani vina, mizani, hadithi na maadili. Juu ya chombo umesema kidogo. Upungufu huo ulivumilika zamani, mwandishi alipokuwa hana hiari ya chombo. Sasa hauvumiliki. Kijana wa Kilwa Masoko au wa Lindi mwenye simu ya mkononi aweza asubuhi kutunga habari, na jioni habari hiyo ikasomwa Muscat, London na Toronto. Huambiwa na wengi kwamba ala za kumwongezea wasomaji zipo tele, na kwamba kazi yake ni kujifunza kuzitumia tu. Hapa ndipo penye swali. Je, wasomaji wengi ni faida kwa maandishi daima, au ni faida kwa sharti fulani? Pwani ya Kilwa na Lindi inafaa kujibu swali hili kuliko mahali pengi, maana maandishi yake yalianza kusafiri mbali tangu zamani, na faida na hasara za safari hizo zinaonekana.

Barua za Kiswahili zilizo kongwe kuliko zote zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Asili za barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za historia za Goa, nchini India. Waandishi wake walikuwa na wasomaji mahususi, na haja yao ilikuwa haja ya siku ile. Hawakudhani kwamba baada ya karne tatu wanachuo wangezitazama kwa ajili ya lugha yake. Kwa hiyo wamepata wasomaji ambao hawakuwatafuta. Lakini mtu wa Kilwa Kisiwani atakaye kuziona kwa macho yake hana budi kuvuka bahari. Kutokana na mfano huu yatolewa kanuni ya kwanza: maandishi hukaa pale chombo kilipotia nanga, wala si pale yalipotungwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu humo shehena yenyewe ilibadilika njiani. Tarehe ya Kilwa, yaani habari za wafalme wa mji ule tangu kuasisiwa kwake, iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Msomaji wa Ulaya hakuipata kwanza kwa Kiarabu. Aliipata kwa Kireno mwaka 1552, katika kitabu cha João de Barros juu ya matendo ya Wareno katika Asia. Maneno ya Kiarabu yenyewe hayakupigwa chapa mpaka mwaka 1895, S. Arthur Strong alipoyatoa London kutoka katika nakala iliyotoka Zanzibar kwa mkono wa John Kirk. Kwa zaidi ya miaka 340, basi, tafsiri ilikuwa imewatangulia wasomaji kuliko asili yake.

Tofauti za habari hizi mbili si za maneno tu. Katika habari ya Barros, mwasisi wa Kilwa ni Ali, mtoto wa mfalme wa Shirazi aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Akaondoka Hormuz na majahazi mawili akatafute nchi ambayo hatadharauliwa. Katika habari ya Kiarabu wanaondoka baba na wana sita kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake; na aliyefika Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Mambo hayakuishia hapo. Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Berlin, alipochapa mwaka 1907 mkusanyo wake wa nathari na mashairi ya Waswahili, alitia humo habari za Kilwa kama zilivyosimuliwa na watu wa pwani kwa lugha yao. Katika habari hiyo mwenyeji ana jina: ni Mrimba. Mgeni wa Kishirazi hakununua nchi tu. Alimwoa binti wa Mrimba, na mtoto aliyezaliwa ndiye aliyeunganisha haki ya mgeni na haki ya mwenyeji.

Hapo mhakiki hutambua jambo. Habari iliyosafiri mbali kwanza ni ya mtoto aliyedharauliwa na nduguze, kisa ambacho msomaji wa Lisbon angeweza kukifahamu bila kuijua Kilwa. Habari ya Kiarabu ni nasaba ya wafalme, na iliwafaa wale waliotaka haki ya enzi. Ile ya Kiswahili, ambayo ndani yake bibi wa pwani ni kiungo cha nchi, ndiyo iliyochelewa kuliko zote kupigwa chapa. Haisemwi kwamba moja ni kweli na nyingine ni uongo. Hilo ni neno la wanahistoria. Linalosemwa ni kwamba chombo hakichagui shehena bila sababu. Huchukua kwanza kile ambacho bandari ya mbali iko tayari kukinunua. Basi kanuni ya pili ni hii: msomaji wa mbali huanza kuibadili hadithi kabla hajaisoma, kwa kuwa msimulizi na mchukuzi humwaza.

Mkusanyo wa Velten wafundisha neno la tatu, nalo ni habari ya jina. Humo zimo habari za Kilwa, za Lindi na za Sudi, nao ni utajiri ambao kila mwanachuo wa pwani anaushukuru. Freeman-Grenville alipozitia habari hizo kwa Kiingereza katika kitabu cha hati teule za pwani mwaka 1962, zilifika katika vyuo vingi. Lakini jina lililo juu ya kitabu cha mwaka 1907 ni la mkusanyaji, na jina lililo juu ya kile cha mwaka 1962 ni la mhariri. Msimulizi amekuwa kama mchukuzi wa forodhani: kazi yake imeonekana, uso wake haukuonekana. Miaka michache baada ya kitabu cha Velten, kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa mikubwa ya wanyama wa kale ilichimbwa Tendaguru, ikabebwa vichwani na watu hata bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na huko yatazamwa hata leo. Mfupa haupotezi kitu kwa kutokuwa na jina la aliyeubeba, ijapokuwa haki ya mbebaji hupotea. Hadithi ni mbali na mfupa. Ikiondolewa mwenyewe, hupoteza sehemu ya maana yake, kwa sababu msikilizaji hutaka kujua nani asema, katika mji gani, na kwa nini.

Katika utungo mmoja jina halikupotea, na kwa hiyo utungo huo wastahili kutazamwa kwa utulivu. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji ni wa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyekaa Lindi. Vita vyenyewe vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vikaenea kusini ya nchi mpaka 1907. Mtungaji aliitazama nchi iliyokuwa ikiungua kwa macho ya mtu wa mji wa pwani: hakuwa mpiganaji wa bara, wala hakuwa Mjerumani, na lugha yake yasimama katikati ya hofu na huruma. Utenzi huo ulichapwa na A. Lorenz katika jarida la Berlin mwaka 1933. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliutoa tena, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley na utangulizi wa historia wa Margaret Bates. Mwaka 2002 uliingia tena katika kitabu Kala Shairi kilichopigwa chapa Köln, pamoja na tungo nyingine za wakati wa Wajerumani.

Chapa hizi tatu ni fadhila kubwa. Bila hizo utenzi huenda ungaliliwa na mchwa. Walakini kila chapa iliutia utenzi katika kundi jipya la wasomaji, na kila kundi lilikuja na swali lake. Utenzi ni sanaa ya sauti: beti za vipande vinne, mizani minane kwa kipande, vina vitatu vikijibizana na cha nne kikirudi ubeti hata ubeti kama wimbi lirudilo pwani. Mtu mmoja husoma, wengine husikiliza, na kina kirudicho huwaweka pamoja. Ulipokwisha pangwa upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia, na utangulizi wa historia mbele yake, msomaji alifundishwa kuuliza, "Ilikuwaje?" Hakufundishwa kuuliza, "Imesemwaje?" Utenzi ulifika mbali kama ushahidi. Kama utenzi, ulibaki nyuma. Hili si kosa la wahariri, ambao walifanya kazi yao kwa uaminifu. Ni tabia ya chombo walichokuwa nacho, yaani jarida la wataalamu. Mpaka sasa wengi huutaja Utenzi wa Vita vya Maji-Maji kwa ajili ya vita, na wachache kwa ajili ya utenzi.

Kulikuwako chombo kingine chenye tabia tofauti. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi na barua za wasomaji. Aibu zake zilijulikana: mwenye gazeti alikuwa mtawala wa kigeni, na mhariri ndiye aliyekata shauri la kipi kichapwe na kipi kitupwe. Lakini lilikuwa na jambo ambalo jarida la Berlin halikuwa nalo. Mshairi alitaja jina lake na mahali akaapo. Mshairi wa mji mwingine akamjibu, akafumbua fumbo lake au akamsuta. Na aliyekuwa msomaji mwezi huu alikuwa mtungaji mwezi ujao. Nakala moja haikuwa na msomaji mmoja. Mwenye kujua kusoma aliisoma kwa sauti barazani, na masikio yaliyoisikia yalikuwa mengi kuliko nakala zilizouzwa. Maneno yalikwenda na majibu yakarudi, na katika kwenda na kurudi huko mashairi ya Kiswahili yalipata nguvu ambayo mtungaji peke yake, aliyefungiwa katika mji wake, hangeipata.

Baada ya Uhuru shule ikawa jahazi kubwa kuliko yote. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na kwa njia ya masomo ya sekondari ilifika mahali ambapo gazeti halikufika. Hapo pana funzo jingine la jina. Mtu wa Ngarambe aliyewapa wapiganaji maji huandikwa na wanahistoria Kinjikitile Ngwale. Hussein alieleza kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa sanaa, wala si nakala ya mtu wa historia. Tofauti hiyo inafaa, maana tamthilia yake yataka kujua jinsi neno likwishatamkwa linavyomponyoka mwenyewe na kuwa na nguvu zake. Lakini chombo kilikuwa na nguvu kuliko maelezo ya mtungaji. Jina la mchezo lilienea mpaka likalifunika jina la mtu. Tamthilia iliyosimulia neno lililomponyoka msemaji ikapatwa na jambo lile lile.

Kwa mwanga wa mifano hii ndipo ala za leo zaweza kuhakikiwa kwa haki. Maandishi ya Kiswahili katika intaneti si jambo la jana. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika katika ukurasa wake wa Jikomboe, akawa miongoni mwa watangulizi wa blogu kwa lugha hii. Na mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake ya picha na habari. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, mlango ulipanuka. Mwandishi wa sasa ana ala nyingi, nazo hujumlishwa katika mafungu matano: mtambo wa kutafuta, ambao humwonyesha msomaji kurasa zenye maneno aliyoyauliza, milisho, ambayo humpelekea habari mpya bila yeye kuja kuuliza, mitandao ya kijamii, ambamo watu hupokezana viungo, kihesabio, ambacho humwambia mwandishi ni wangapi waliofungua na kutoka nchi gani, na tafsiri ya mashine, ambayo Google ilianza kuitoa kwa Kiswahili mwaka 2009.

Fadhila za ala hizi hazikataliki. Msimulizi wa Lindi hahitaji tena kumpa mkusanyaji habari zake ili zichapwe Berlin chini ya jina la mwingine. Aweza kutia saini yake mwenyewe, akaonyesha picha ya magofu ya Kilwa au Songo Mnara, akatia na sauti ya bibi anayesimulia. Sauti hiyo ni kitu ambacho matbaa haikuweza kuchukua hata kidogo. Mtu wa pwani aliyehamia Ghuba hupata habari za kwao kabla hazijapoa. Na hati za kale ambazo zamani zilitazamwa na wachache, kama zile za mkusanyo wa chuo cha SOAS cha London, zimeanza kupigwa picha na kuwekwa wazi. Mwenye kuzidharau ala hizi kwa kuwa ni mpya hana tofauti na aliyekataa gazeti kwa kuwa halikuandikwa kwa wino wa mkono.

Lakini kila ala ina mkono wake katika shehena. Mtambo wa kutafuta hujua herufi kwanza, na maana baadaye. Vita vile vya 1905 huandikwa Maji Maji, na Maji-Maji, na Majimaji. Mtungaji wa Lindi huandikwa Abdul Karim na Abdulkarim. Mtu wa Ngarambe ana majina mawili. Mashine zimeendelea sana katika kulinganisha tahajia za Kiingereza. Katika Kiswahili msomaji bado aweza kuuliza kwa tahajia moja akakosa kilichoandikwa kwa nyingine. Tena, panapotokea tahajia mbili, ile iliyoandikwa na wengi hupandishwa juu, na iliyo juu husomwa na wengi zaidi, hata ile ya pili isionekane. Ndiyo habari ya Kinjeketile, ila sasa hutendeka kila siku na bila mtungaji. Mwandishi atumiaye maneno ya Kimgao, lahaja ya pwani hii, amo hatarini kuliko wote: neno ambalo hakuna aliulizaye katika mtambo halileti msomaji, na mwandishi anayetamani wasomaji atajifunza kuliacha. Hakuna mtawala aliyemkataza. Amejikataza mwenyewe kwa ajili ya hesabu.

Hasara ya pili yahusu umbo. Ukurasa upokezanwapo katika simu, huonyeshwa kichwa chake na mistari yake michache ya mwanzo. Desturi ya tenzi ni kuanza kwa kumtaja Mungu na kumsifu, kisha kuomba wino na karatasi. Jina la mtungaji, mji wake na idadi ya beti mara nyingi huja mwishoni. Ukikata mwanzo wa tenzi kumi na kuzionyesha dirishani, zitafanana kama mapacha, na majina ya watungaji yatakuwa yamebaki nje. Sanaa iliyojengwa kwa msikilizaji atakayekaa mpaka tamati haiwezi kujitetea mbele ya msomaji anayepita. Kwa hiyo mshauri wa ala hizi humwambia mwandishi aweke jambo lake mbele, alitaje bila fumbo, na aandike kichwa ambacho mashine italitambua neno lake. Ni shauri jema kwa tangazo la mnada wa korosho. Kwa shairi ni shauri la kulichuna ngozi kabla halijachinjwa.

Hasara ya tatu imo katika hesabu. Kihesabio huhesabu kufungua, hakihesabu kusikiliza. Mjomba mmoja akiwasomea wenziwe wanane habari barazani Kivinje, hesabu itasema mtu mmoja. Mtu wa mbali akifungua kwa bahati mbaya akafunga papo hapo, hesabu itasema mtu mmoja vile vile. Mwandishi aongozwaye na kihesabio ataona kwamba baraza lina uzito sawa na kosa la kidole. Naye akiona wengi wa wafunguaji wako ng'ambo, ataanza kidogo kidogo kuwaandikia wao: ataifafanua Kilwa kama mgeni aifafanuavyo, magofu na Ibn Battuta, na kuiacha Kilwa ya samaki, ya ufuta, ya kivuko na ya shule, kwa sababu hiyo wenyeji waijua na wageni hawakuiuliza. Ndivyo alivyotoweka binti wa Mrimba katika kitabu cha Lisbon.

Ya nne ni kwamba jahazi hili lina mwenyewe, naye si mwandishi. Google ilipofunga huduma yake ya kusomea milisho Julai 2013, wasomaji waliozoea njia ile walitawanyika kwa uamuzi wa kampuni moja. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu nchini Tanzania kupata leseni, kwa ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni mbili. Mahakama Kuu huko Mtwara, jirani wa Lindi, ilizisimamisha kwa muda Mei mwaka ule, lakini shauri likatupwa. Ada zilipunguzwa katika marekebisho ya baadaye. Wapo walionyamaza kuliko kulipa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Tena asili haina ubaguzi: mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, wilayani Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi ule ule mikongo ya baharini ikakatika na intaneti ikadhoofu katika Afrika Mashariki. Mwezi mmoja ulionyesha kwamba njia ya lori na njia ya maneno zote mbili ni kamba nyembamba.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba haya yote ni manung'uniko. Kwamba maandishi mazuri hupenya chombo chochote, na mabaya hayaokolewi na chombo kizuri. Neno hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba ala haimfanyi mtu kuwa mtungaji. Walakini mifano ya Kilwa na Lindi haionyeshi maandishi mabaya yaliyokosa wasomaji. Yaonyesha maandishi mema yaliyopata wasomaji wengi, na katika kuwapata yakapoteza makao, jina, umbo au tahajia. Wengine watasema kinyume, kwamba heri mwandishi abaki na watu wake na kuuacha mtandao. Neno hili nalo halifai. Barua za mwaka 1711 zingalibaki Kilwa huenda zisingekuwapo leo. Na utenzi wa Abdul Karim uliokolewa na wageni. Kukataa safari ni kuchagua mchwa.

Lililo sawa ni kuipima ala kwa kipimo kingine. Swali la kwanza lisiwe, "Yafikia wangapi?" Liwe, "Yarudisha nini?" Kwa kipimo hiki Mambo Leo, pamoja na bwana wake wa kigeni, lilikuwa chombo bora kwa ushairi kuliko jarida la wataalamu, kwa sababu jibu lilirudi kwa lugha ile ile na kwa umbo lile lile. Kwa kipimo hiki pia, ukurasa wenye wafunguaji elfu wasiosema neno ni maskini kuliko ukurasa wenye wasomaji thelathini ambao watano kati yao wametunga jibu. Na wenye intaneti wana uwezo ambao Mambo Leo halikuwa nao: jibu laweza kurudi kwa saa moja, na kwa sauti.

Kutokana na kipimo hicho kazi kadhaa zawaangukia wenye maandishi na wenye elimu. Mwandishi wa pwani hii ataje jina lake na mji wake mwanzoni pia, si katika tamati tu, ili kisu cha dirisha la simu kisimkate. Palipo na tahajia mbili, azitaje zote mbili mara moja, kisha ashike ile aijuayo kuwa ya kwao. Hivyo mtambo utatumika bila kutawala. Neno la Kimgao aliweke pamoja na maelezo yake badala ya kulifuta, maana kamusi za kesho zitaokota katika kurasa hizo. Nakala za kazi zake zisiwe mtandaoni peke yake: karatasi katika maktaba ya shule ya Kilwa au Lindi haizimwi na mkongo uliokatika. Nao wanachuo, ambao ndio wasomaji wa kwanza wa tenzi zilizochapwa ng'ambo, wana deni kubwa zaidi. Kazi haijakwisha kwa kuutaja utenzi katika tanbihi. Yafaa usomwe kwa sauti tena Lindi, mbele ya watu ambao babu zao wamo ndani ya beti zake, na majibu yao yaandikwe kwa majina yao.

Siku hiyo itakapofika, itakuwa rahisi kukata shauri juu ya ala hizi mpya. Kama kwa msaada wake utenzi uliotoka Lindi, ukapita Berlin, Kampala na Köln, utarudi Lindi ukasikilizwa na kujibiwa, basi ni majahazi mema, hata yakiwa na wenyewe walio mbali. Kama yataendelea kuchukua bila kurudisha, yatakuwa yameongeza kasi tu ya biashara ya zamani. Wahenga wa pwani walilisema neno hili juu ya mabaharia, nalo lawafaa waandishi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.